Maiki Inapouma Mdomo: Kutafuta Hitilafu za Umeme kwenye Muziki wa Kukodi, Tanga

Nilipoanza kazi hii nilibeba spika mbili, amplifaya moja na mikisa ya chaneli sita juu ya guta, kutoka Ngamiani hadi popote penye harusi. Shoti ndogondogo tulizichukulia kama mvuvi anavyochukulia miiba ya samaki. Mwimbaji akilalamika kwamba maiki inamuuma, tuliifunga leso. Maiki ilikuwa inatueleza kwamba ukumbi una hitilafu, na sisi tukaona dawa ni kuifunga mdomo.

Leso ile siifungi tena. Nilichojifunza ni kwamba vifaa vyetu husema mapema, ila tumezoea kuwasikiliza wageni wanaotaka sauti iongezwe kuliko kusikiliza vifaa. Hapa chini ni dalili kama zinavyojitokeza kazini, pamoja na mahali pa kutafuta chanzo. Kwa kazi ya kutafuta unahitaji multimita (kipimo cha volti), plagi ya kupimia soketi yenye taa tatu, ELCB ya kubebeka ya miliampea 30 (kifaa kinachokata umeme unapovuja; kwenye vifaa vipya utaona imeandikwa RCCB au RCD) na tochi. Kufungua bodi ya meni na kugusa nyaya za jengo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kazi yako ni kujua lini umwite, na lini ukatae kupiga muziki hadi afike.

Maiki inauma mdomo, spika inachonyota ukiigusa

Dalili hii ina vyanzo viwili. Kwa ngozi vinafanana, kwa hatari havifanani hata kidogo.

Cha kwanza ni uvujaji wa kawaida wa vifaa. Karibu kila kifaa cha siku hizi, kuanzia laptop, mikisa, spika zenye amplifaya ndani hadi taa za LED, kina pawa saplai yenye kapasita ndogo zinazounganisha nyaya za umeme na bodi lake la chuma ili kuchuja kelele. Kapasita hizo zinategemea waya wa athi uchukue uchafu huo na kuupeleka ardhini. Athi isipokuwepo, bodi linabaki linaelea katikati, volti 100 na kitu. Mkondo wake ni mdogo, kwa kawaida chini ya miliampea moja kwa kifaa kimoja. Binadamu huanza kuhisi kwenye nusu miliampea hadi moja, ndiyo maana unasikia kama mdudu anatembea.

Sasa fanya hesabu ya raki nzima, ile fremu tunayopangia vifaa. Nyaya za sauti zinaunganisha mabodi ya vifaa vyote, kwa hiyo uvujaji wa mikisa, amplifaya mbili, laptop na spika nne unajumlishwa, na wote unatafuta njia moja ya kwenda ardhini. Mara nyingi njia hiyo ni bibi aliyevua viatu na kusimama kwenye nyasi zenye umande, kashika maiki anaimba. Miliampea tano mdomoni si mdudu tena. Kufikia kama miliampea kumi, misuli ya mkono hujikaza na mtu hawezi kuachia alichoshika. Kuanzia miliampea 30 na kuendelea, kutegemea umeme umekaa mwilini muda gani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Chanzo cha pili ni hitilafu yenyewe: waya wa layivu (ule unaoleta umeme) umechubuka ndani ya amplifaya na unagusa bodi, au mtu amefunga plagi vibaya akaweka layivu mahali pa athi. Hapo nyuma ya mwasho kuna volti 230 kamili. Mwimbaji aliyesimama na viatu juu ya jukwaa la mbao kavu ataona ni ule mwasho wa siku zote. Kisha mama mmoja anatoka kwenye viti, yuko pekupeku ardhini, anamshika mkono ili amtunze. Wa ardhini ndiye anayeumia, na wote wawili hawajui kilichotokea. Mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 baada ya kugusa maiki ambayo haikuwa na athi. Zimepita zaidi ya miaka hamsini, na hitilafu ileile bado utaikuta kwenye mahema ya harusi zetu.

Kwa mkono huwezi kutofautisha vyanzo hivi viwili. Testa ya bisibisi nayo haitofautishi, itawaka kote kuwili. Kwa hiyo maiki ikiuma, hatua ya kwanza ni moja tu: teremsha sauti, ambia watu waachie maiki na magitaa, zima, chomoa plagi ukutani. Dakika tano za kimya zitajazwa na MC. Ndiyo kazi aliyolipwa.

Kisha pima soketi ambayo haijachomekwa kitu. Kati ya layivu na nyutro (waya unaorudisha umeme) utapata kama 230, au pungufu kidogo nyakati za jioni. Kati ya layivu na athi upate karibu sawa na hiyo. Kati ya nyutro na athi upate volti chache tu. Ukipata layivu na athi 90, au 140, au namba inayorukaruka, athi haiko: tundu lipo ila nyuma yake hakuna waya, au waya upo na umekatika njiani. Hapa mjini kuna kumbi ambazo soketi zake zote zina matundu matatu ya mraba, na la juu ni pambo.

Kuna mafundi wanaopima athi kwa balbu, waya mmoja kwenye layivu na mwingine kwenye athi. Ikiwaka vizuri, wanasema athi ipo. Usifanye hivyo. Kama athi ni mbovu, balbu yako inasukuma umeme kwenye waya wa athi wa jengo zima, na bodi la friji ya vinywaji kule kaunta linakuwa na umeme wakati mhudumu kalishika.

Hata namba zikiwa nzuri, multimita haikuambii kama athi ina nguvu. Hapa ndipo Tanga inapotofautiana na mahali penye udongo mzito. Nyumba nyingi athi yake ni fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje ya ukuta. Ukanda wa Raskazone ni mawe ya matumbawe, na kwingine pwani ni mchanga ambao kipindi cha kaskazi unakauka kabisa. Fimbo katika ardhi ya namna hiyo inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100 au zaidi. Piga hesabu: volti 230 gawanya kwa 100 ni ampea 2.3. Layivu ikigusa bodi la amplifaya, ni ampea 2.3 tu zitakazokwenda ardhini. Breka ya ampea 20 haitatikisika, na bodi litabaki na umeme usiku mzima. Watu husema "kuna breka, tuko salama". Breka inalinda waya usiungue. Kumlinda mtu ni kazi ya ELCB, ambayo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi na kukata pale tofauti inapofika miliampea 30, kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Ndiyo maana nasema kila mpiga muziki awe na ELCB yake ya kubebeka, ikae mwanzo kabisa wa ekstensheni, kabla ya kifaa chochote. Inasaidia hata mahali pasipo na athi, ila huko itasubiri mtu aguse ndipo ikate. Atashtuka, lakini ataishi. Bonyeza kile kitufe cha majaribio kila kazi. Na ujue kitufe hicho kinapima ELCB yenyewe tu, hakisemi lolote kuhusu athi ya ukumbi.

Kama soketi iko sawa na maiki bado inauma, kosa liko kwako. Chomeka kifaa kimoja kimoja, ukipima kati ya bodi lake na athi ya soketi, na usiguse chochote kwa mkono mtupu. Panapopaswa kuwa karibu sifuri na ukapata volti 100, au 200, kifaa hicho au waya wake wa umeme hauna athi. Anza na waya kabla ya kifaa. Tisa kwa kumi nimekuta pini ya athi imekatwa, au mtu kanunua plagi ya pini mbili akaifunga kwenye waya wa nyaya tatu na ule wa kijani na njano akaukunja pembeni.

Kwa mwimbaji, maiki isiyo na waya ni kinga nzuri kwa sababu haina njia ya kuleta umeme mdomoni. Ila dijei aliyeshika mikisa bado yuko palepale.

Spika zinavuma

Mvumo mzito, wa sauti moja, unaoendelea hata mikisa ikiwa imeshushwa. Ndio uliozaa ile tabia ya kukata pini ya athi, na naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu kila kijana anayeingia kazini anafundishwa na mkubwa wake kwamba "ukitoa athi mvumo unaisha".

Ni kweli unaisha. Mvumo ule unatokea pale vifaa viwili vimeungwa na athi kwa njia mbili: kupitia nyaya zao za umeme, na kupitia ganda la waya wa sauti. Tofauti ndogo ya volti kati ya athi hizo mbili inatembeza mkondo kwenye waya wa sauti, nao unausikia kama umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Ukikata athi ya kifaa kimoja, njia moja inakufa, kimya kinarudi. Lakini kuanzia hapo athi pekee ya amplifaya ile ni ganda jembamba la waya wa sauti. Siku waya huo ukichomolewa, au layivu ikigusa bodi, hakuna kilichobaki. Umeuondoa mvumo masikioni ukauweka mikononi.

Tiba iko upande wa sauti. Boksi la DI (kiboksi kinachokaa kati ya ala na mikisa) lenye swichi ya kutenganisha ganda linakata njia ya pili bila kugusa umeme. Waya za sauti zenye pini tatu zipendelewe kuliko zile za jeki moja. Na kubwa kuliko yote: lisha vifaa vyote kutoka sehemu moja.

Hili la mwisho ndilo linalotushinda kwenye harusi za mtaani. Turubai limefungwa katikati ya barabara, mikisa inapata umeme nyumbani kwa bibi harusi, na spika za mbali, kwa kuwa waya haukufika, zimechomekwa kwa jirani. Nyumba mbili, LUKU mbili, fimbo mbili za athi, na huenda fezi mbili tofauti za nguzo, yaani nyaya mbili tofauti zinazoleta umeme. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Kukiwa na hitilafu ndogo kila upande, kijana anayeshika spika kwa mkono huu na raki kwa mkono ule anaunganisha nyumba mbili kwa kifua chake. Mvumo wa siku hiyo usiuite mvumo. Nunua waya mrefu.

Breka inakata

Sikiliza inakata lini.

Ikikata papohapo unapochomeka, una shoti: waya umebanwa na mguu wa kiti cha chuma, plagi ina unyuzi uliotoroka, au kifaa kimekufa. Chomoa vyote, rudisha breka mara moja tu, kisha chomeka kimoja kimoja. Ukirudisha mara tatu na nne unachomelea shoti.

Ikikata pale unapowasha amplifaya kubwa ya zamani, zile nzito zenye transfoma ya mviringo, huo ni mvuto wa kuanzia. Usiwashe zote kwa swichi moja. Washa moja, hesabu hadi tano, washa nyingine.

Ikikata baada ya dakika kumi au ishirini, umezidisha mzigo, breka imepata joto polepole. Soketi moja ya ampea 13 inabeba kama wati 2,990, na mara nyingi mshirika wako wa siri ni mpishi. Nilishawahi kuhangaika na spika zangu saa nzima kwenye sendofu moja kabla ya kugundua jagi la umeme la wati 2,000 limechomekwa nyuma ya pazia kwenye ekstensheni yangu, mama wa watu anachemsha maji ya chai ya wakwe. Sikumlaumu, soketi zilikuwa mbili ukumbi mzima. Siku hizi nafika na tepu nyekundu, nafunika matundu ninayoyatumia.

Kama inayokata ni ELCB na si breka, usihisi shoti kwanza. Rudi kwenye ule uvujaji wa kapasita. ELCB ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata popote kati ya miliampea 15 na 30. Taa ishirini za LED na spika sita, kila kimoja kikivujisha nusu au moja hivi, vinafika huko bila kosa lolote. Gawa: taa ELCB yake, sauti ELCB yake. Na ikianza kukata saa tano usiku wakati ilikaa vizuri tangu magharibi, tazama umande. Plagi zilizolala kwenye nyasi zimeanza kunywa maji.

Kuna kumbi ambazo breka haikati kamwe. Hizo ziogope zaidi. Fungua macho kwenye bodi ya meni: ukiona fyuzi imefungwa waya mnene wa shaba, ujue kitakachokatika kwanza ni waya ndani ya ukuta.

Taa nyingine zimewaka kupita kiasi, nyingine zimefifia

Ukisoma kipande kimoja tu cha makala haya, kiwe hiki, kwa sababu hapa una sekunde, si dakika.

Ukumbi mkubwa huletewa umeme wa fezi tatu. Kila fezi na nyutro ni volti 230. Nyutro ikilegea au kukatika, iwe kwenye bodi ya ukumbi, iwe kwenye nguzo, umeme wa fezi moja unarudi kupitia vifaa vya fezi nyingine. Upande wenye mzigo mdogo unaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Feni zitaongeza kasi, taa za upande huo zitang'aa kama mchana, za upande wa pili zitakuwa nyekundu na dhaifu. Muziki unaweza kuendelea, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Kisha unasikia pa! pa! kutoka kwenye raki.

Usiende kupunguza sauti wala kuchomoa laptop. Kimbilia meni swichi, zima ukumbi mzima. Ndiyo maana jambo la kwanza ukifika mahali popote ni kuulizia meni swichi iko wapi, na kama chumba chake kina kufuli, ufunguo anao nani na huyo mtu analala saa ngapi. Mara moja niliambiwa ufunguo uko Muheza.

Tatizo hili halitatuliwi na wewe. Likiwa ndani ya jengo ni la fundi wa ukumbi, likiwa nje ni la TANESCO. Unachoweza kufanya wewe ni kujikinga mapema: kile kigadi cha friji kinachokata umeme ukizidi au ukipungua kinauzwa kila duka la vifaa vya umeme. Angalia ampea zake zitoshe mzigo wako. Kimeokoa mikisa yangu mara mbili.

Taa zote zikififia pamoja kila besi ikipiga ni jambo jingine kabisa. Huo ni waya mwembamba au mrefu mno. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5, mita 50, ukivuta ampea 10, unapoteza kama volti 14 njiani. Kwa waya wa 2.5 unapoteza kama 9. Kwa zile nyaya nyembamba za 0.75 zinazouzwa pamoja na ekstensheni za bei ya chini, unapoteza kama 31, na volti hizo hazipotei bure, zinageuka joto ndani ya waya. Besi inakuwa nyepesi, dijei anaongeza sauti, waya unazidi kuchemka.

Harufu na joto

Ekstensheni ya kuzungushia kwenye roli ifunguliwe yote, hata kama unahitaji mita tano. Ikiwa imeviringishwa, joto la ndani halina pa kutokea, plastiki inalainika na nyaya zinagusana.

Shika plagi kwa nyuma ya vidole kila baada ya nyimbo kadhaa. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuchoma, mara nyingi soketi imelegea ndani, au mzigo umezidi. Hamia soketi nyingine. Plastiki ngumu ya soketi ikiungua hutoa harufu inayofanana na samaki. Kwa mji wetu ni mtihani kidogo, lakini ukiwa kwenye harusi ya pilau, mbali na soko la Deep Sea, na unasikia samaki, usitafute jikoni.

Fyuzi ya ndani ya plagi iwe ya kiasi chake, ampea 3 au 5 kwa vitu vidogo, 13 kwa vikubwa. Karatasi ya sigara si fyuzi. Na ukinunua waya mpya, kwangua unyuzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa, hauwezi kubeba kile kilichoandikwa kwenye ganda.

Chumvi

Vifaa vya mwenzangu wa Korogwe vinakaa miaka kumi, vyangu naviona vinazeeka kwa mitatu. Hewa ya bahari inaacha utando wa chumvi kwenye plagi, chumvi inavuta unyevu, na usiku unyevu huo unapitisha umeme. Pini zikiota kijani, usitwange plagi ili iingie. Chomoa umeme, safisha kwa dawa ya kusafishia viunganishi, kausha. Kazi ya ufukweni ikiisha, futa vifaa usiku huohuo kwa kitambaa kikavu kabla ya kuvifungia kwenye maboksi.

Waya zipite juu, zisilale mchangani. Kamba ya mkonge inatosha kabisa kuzitundika, na tunayo tele; zamani nilitumia waya wa kufungia nondo, ambao siku moja ulikata ganda la ekstensheni na kuitia nguzo za turubai umeme. Tuligundua kwa mbuzi. Maungio ya ekstensheni yainuliwe juu ya tofali au kiti cha plastiki. Kuyafunga mfuko wa rambo ni kuyawekea maji ndani, labda mdomo wa mfuko uelekee chini.

Mvua ya masika ikianza na turubai linavuja juu ya raki, zima. Dijei mwenye umri wangu atakumbuka siku ambazo tulifunika mikisa kwa kanga tukaendelea. Ngoma ya baikoko haina waya, ipigwe wakati tunasubiri.

Umeme umekatika, jenereta limewashwa

Jenereta dogo la kVA 2.5 lina kama wati 2,000 za kutumia. Lisha muziki tu. Taa za ukumbi, friji na feni zisubiri TANESCO.

Kosa linaloua hapa ni waya wenye plagi dume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili "kuwasha nyumba nzima". Ncha moja ikichomoka ina volti 230 wazi kwenye pini. Na meni swichi isipozimwa, umeme wako unapanda nguzoni, transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti, na fundi wa TANESCO aliyeshika laini akijua imekufa anakutana nao. Nikiukuta waya wa namna hiyo naukata katikati kwa koleo, mwenye nao akasirike.

Jambo lisilojulikana sana: majenereta mengi madogo nyutro yake haijaunganishwa na athi. Hitilafu ya kwanza inapita kimya, ELCB haioni kitu, hadi ya pili itakapotokea. Muombe fundi akuunganishie nyutro na athi kwenye jenereta lenyewe, kabla ya ELCB, kama jenereta lako linaruhusu, na akuonyeshe pa kupigilia fimbo. Hilo lifanyike gereji, lisifanyike gizani wageni wakipiga miluzi.

Zima vifaa kabla jenereta halijaishiwa mafuta, maana likikohoa volti zinapanda na kushuka. Mafuta yaongezwe likiwa limezimwa na limepoa. Liwe nje, mbali na hema, moshi uelekee upepo unakokwenda. Moshi wake unaua bila harufu kali, na watoto hupenda kulala nyuma ya turubai karibu na ukuta.

Mtu ameshikwa na umeme

Usimguse. Zima meni au chomoa plagi. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu, ubao au kiti cha plastiki, na usukume waya au mkono wake kwa mti mkavu. Mti uliokaa kwenye mchanga wa pwani uliolowa si mkavu.

Akiwa hapumui au anatweta bila mpangilio, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mibonyezo 30, mpulizie pumzi mbili kama unajua. Kama hujui, endelea kubonyeza tu. Mpokezane, mikono inachoka haraka. Kukiwa na moto, namba ya Zimamoto ni 114, polisi 112. Mwingine atafute gari la kwenda hospitali ya Bombo huku ninyi mnaendelea.

Akizinduka na kucheka, akisema yuko sawa, apelekwe vilevile akapimwe moyo, kwa sababu mapigo yanaweza kuvurugika baadaye, na kuungua kwa umeme kunakuwa kukubwa ndani kuliko kunavyoonekana kwenye kidole. Kifaa kilichomshika kifungwe tepu nyekundu na kirudi nyumbani hivyohivyo, kisiwashwe tena usiku huo na mtu yeyote, hata kama baba wa bwana harusi anasema ameshalipa hadi saa nane.